Karafuu, mwani au pweza: shehia ya Pemba ifuate mfano gani inapopanga uchumi wake?

Bajeti inapokaribia, kamati za maendeleo za shehia, ngazi ya chini kabisa ya utawala Zanzibar, huulizwa: mnataka nini? Majibu tumeyazoea. Kisima, banda la skuli, barabara ya ndani, boti na mashine yake. Orodha inapanda kwa diwani, inafika baraza la mji au halmashauri, na nyingi huishia huko huko. Linalosahaulika ni suala zito zaidi: hiyo kazi tunayotaka ituinue, bei yake atapanga nani, mfuko wake atashika nani, na mambo yakiharibika tutamwendea nani?

Pemba hatuna haja ya kusafiri kutafuta majibu. Kisiwa hiki kimekwisha kujaribu njia tatu za kuendesha uchumi wa shamba na pwani. Karafuu iko mikononi mwa serikali, mnunuzi mmoja. Mwani uko mikononi mwa kampuni za kununua. Pweza, katika baadhi ya vijiji, yuko mikononi mwa wanakijiji wenyewe wanaofunga mwamba wa bahari usivuliwe kwa muda, kisha wakaufungua. Naziweka hapa bega kwa bega kwa ajili ya kamati inayokaa chini kuandika mpango wake. Niseme mapema ninapoegemea: kwa shehia nyingi za pwani ningeanza na mfano wa pweza, ingawa pesa yake ni ndogo kuliko ya karafuu. Sababu zangu zinakuja.

Zilikotoka

Kimbunga cha 1872 kiliangusha mikarafuu mingi ya Unguja, Pemba ikasalimika. Tangu hapo sehemu kubwa ya karafuu za Zanzibar hutoka huku. Baada ya Mapinduzi ya 1964 ardhi ikawa mali ya umma na familia nyingi zikagaiwa eka tatu tatu, mikarafuu ikiwa imo. Mwaka 1968 likaundwa Shirika la Biashara la Taifa la Zanzibar, ZSTC, likapewa haki ya pekee ya kununua karafuu na kuziuza nje, na sheria ya karafuu ya 2014 ikaendeleza mpango huo.

Mwani ulianza kulimwa kibiashara mwaka 1989 mashariki ya Unguja, upande wa Paje na Jambiani, kwa mbegu iliyotoka Ufilipino. Haukuchukua muda kuvuka mkondo ukafika Pemba. Hapa hapakuwa na shirika la serikali: kampuni zilileta kamba na mbegu, wakulima wakatoa nguvu, na wakulima hao wengi wao ni wanawake.

Njia ya tatu ni changa zaidi. Kisiwa cha Misali kilitangazwa eneo la hifadhi mwaka 1998, na mwaka 2005 hifadhi ikapanuliwa kuwa ya Mkondo wa Pemba, upande mzima wa magharibi. Humo ndimo kamati za wavuvi za shehia zilipopata nguvu. Miaka ya 2010 Kisiwa Panza, kusini ya Pemba, wakaanza kufunga sehemu ya mwamba wao kwa miezi kadhaa ili pweza wakue, na vijiji vingine vikaiga.

Bei: nani anaisema?

Tuanze na karafuu. Bei inatangazwa kabla ya msimu, ni moja kisiwa kizima, na mkulima wa Mtambwe anajua atapata sawasawa na wa Mkoani kwa daraja lile lile. Si jambo dogo. Mtu anaweza kukaa na wachumaji wake akapanga malipo ya pishi akijua mwisho wa hesabu utakuwa wapi. Anaweza hata kukopa kwa ajili ya uchumaji.

Lakini bei inayotangazwa na mtu mmoja inaweza kutangazwa chini pia, na historia yetu inalijua hilo. Kwa miongo mingi mkulima alipata sehemu ndogo sana ya bei ya soko la dunia. Indonesia, iliyokuwa mnunuzi wetu mkubwa kwa ajili ya sigara zake za karafuu, ikapanda mikarafuu yake hadi ikajitosheleza, soko likaanguka, na shirika likakaa na bei ya chini. Matokeo yake kila mtu wa pwani ya Pemba anayajua: mapolo ya karafuu yaliondoka usiku kwa dau kwenda Kenya. Tuliita magendo, tukaweka askari, lakini karafuu haikuacha kuvuka. Mwaka 2011 serikali ikapandisha bei kwa mkupuo hadi kufikia shilingi 15,000 kwa kilo, na msimamo ukawa kumpa mkulima kiasi cha asilimia 80 ya bei ya soko la nje. Magendo yakapungua. Kwangu mimi hili ndilo somo kubwa kuliko yote kwa anayepanga uchumi wa vijijini: doria haikushinda bei.

Kwenye mwani bei haitangazwi na mtu wa hapa kabisa. Mnunuzi anaipata kwa viwanda vya nje vinavyosaga mwani kupata karajenani, ile inayotiwa kwenye dawa ya meno, maziwa ya kopo na vyakula vingine vingi. Inapofika Kiuyu au Tumbe imeshapita mikono kadhaa. Mkulima aliyepewa kamba na mbegu na kampuni anajiona analazimika kuiuzia kampuni hiyo hiyo. Katika misimu ile ambayo karafuu ya daraja la kwanza ilikuwa inanunuliwa kwa shilingi 14,000 kilo, spinosamu, aina ya mwani inayolimwa zaidi, ilikuwa haijafika hata shilingi 1,000.

Tazama hesabu ilivyo pale bandani. Mama ametoka nao majini ukiwa umeloa, mzito, unachuruzika. Ameuanika siku tatu nne kwenye chanja au majani ya mnazi, akiugeuza na kuukimbiza mvua ikitanda. Kilo saba au nane zilizotoka baharini zimebaki kilo moja juu ya mzani. Mnunuzi anautia mkono, anaufinya, anasema bado una maji au una mchanga, anapunguza. Pale hapana daraja lililoandikwa ukutani, wala hapana wa kumwambia mnunuzi kuwa amekosea. Karafuu ina kituo, ina daraja, ina risiti. Ukinitaka nichague kwa kipimo cha mzani peke yake, karafuu imeshinda.

Pweza yuko katikati. Wanakijiji wanaofunga mwamba hawapangi bei ya soko la Unguja wala ya hoteli. Wanachopanga ni siku ya kuuza na ukubwa wa anayeuzwa. Pweza mdogo aliyeachwa miezi mitatu anaongezeka uzito mara kadhaa, na siku ya kufungua wachuuzi wanakuja wengi kwa pamoja, wakishindana. Kamati inaweza kuwaita kabla, ikawasikiliza, ikamchagua mwenye bei nzuri. Ni nguvu ndogo ya soko, lakini ni ya kwao.

Muda na mtaji

Hapa nitapita haraka. Mkarafuu unataka miaka sita hadi minane ndipo uanze kuchumika, halafu unaishi miongo. Ni mpango wa mtu mwenye shamba na mwenye subira. Vijana wasio na eka hawamo, isipokuwa kama wachumaji. Mwani unavunwa kila baada ya wiki sita hivi, unataka kamba, vigingi na kufuata maji ya bamvua. Pweza hataki mtaji isipokuwa mchokoo, kile kijiti cha kumchokolea pangoni, na miguu, lakini kufunga mwamba kunataka jambo gumu kuliko pesa: familia ikae miezi mitatu bila ya kuingia sehemu ile waliyoizoea. Ndiyo maana vijiji vinavyofaulu hufunga sehemu tu ya mwamba na kuacha nyengine wazi ili jikoni pasizime moto.

Mambo yakiharibika, tutamwendea nani?

Suala hili kwangu ndilo linaloamua, na ndilo linalokosekana katika mipango mingi niliyoisoma.

Utawala wetu una ngazi mbili zinazotembea sambamba. Upande mmoja kuna mkuu wa mkoa, mkuu wa wilaya na sheha anayeongoza shehia, na hawa wote huteuliwa; sheha anawajibika kwa aliyemweka. Upande wa pili kuna madiwani wanaochaguliwa na kukaa katika mabaraza ya miji ya Chake Chake, Wete na Mkoani, na halmashauri ya Micheweni. Sheria ya serikali za mitaa ya 2014 iliyapa mabaraza haya uwezo mkubwa zaidi kwenye karatasi, na mwaka 2017 ugatuzi ukaanza kwa kuyashushia elimu ya msingi, afya ya msingi na kilimo. Kwa mwananchi wa kawaida, hata hivyo, mlango anaoujua ni wa sheha. Mpango wa shehia unaandikwa chini ya mtu asiyechaguliwa, unapelekwa kwa chombo kilichochaguliwa ambacho makusanyo yake ni madogo, halafu pesa kubwa inaamuliwa wizarani Unguja. Kila mmoja ana pa kumtupia mwenziwe.

Tuzipime njia tatu hapo. Karafuu ikinunuliwa kwa kuchelewa au kituo kikikosa pesa taslimu, mkulima analalamika kwa shirika, shirika liko chini ya wizara, na mwakilishi wake anaweza kulisimamisha suala hilo katika Baraza la Wawakilishi. Njia ndefu, lakini ipo, na karafuu ina uzito wa kisiasa unaofanya isikilizwe. Wasiwasi wangu ni kwamba uzito huo huo ndio unaoikwaza. Kwa miaka mingi kila jambo la Pemba limetazamwa kwa jicho la kura: bei ikipanda ni zawadi, ikishuka ni adhabu. Maridhiano ya 2010 baina ya CCM na CUF, yaliyopita kwa kura ya maoni ya Julai mwaka ule, yalipunguza joto kwa muda. Uchumi unaotegemea kauli ya mkubwa mmoja hauwezi kutulia kisiasa, hata akiwa na nia safi.

Mwani ukiharibika hapana mlango. Miaka ya 2000 kotoni, ile aina yenye bei nzuri, ilianza kufa katika maji ya kina kifupi kadiri bahari ilivyozidi kuwa na joto; ncha zinageuka nyeupe, zinakatika, kamba inabaki tupu. Watafiti walikuja. Dkt. Flower Msuya, aliyetafiti mwani katika Taasisi ya Sayansi za Bahari, amehangaika miaka mingi na kilimo cha maji ya kina kirefu na kwa kuwafundisha kina mama kutengeneza sabuni na bidhaa nyengine za mwani. Lakini kufika maji ya kina kirefu kunataka boti na kujua kuogelea, na wengi wa wakulima hawana cha kwanza wala cha pili. Hilo ni jambo la kupangiwa bajeti na chombo cha umma. Kampuni halikuwa jukumu lake, serikali ya mtaa haikuwa na fungu, na hasara ikabaki kwa mwanamke aliyekuwa analipia daftari za watoto kwa ile kotoni.

Pweza akiibiwa, wa kumwendea anajulikana kwa jina. Mwenyekiti wa kamati ya wavuvi mnasali naye Ijumaa. Mweka hazina ni jirani. Katika kijiji kinachofanya vizuri, siku ya kufungua hupimwa kila pweza, huandikwa, na hesabu husomwa mbele ya watu papo hapo ufukweni. Mtu asiyejua kusoma anasikia kwa masikio yake. Sijaona uwazi wa namna hiyo katika mradi wowote mkubwa uliopita huku.

Ujirani huo una ubaya wake. Anayekamatwa anachokoa usiku ni mtoto wa shangazi yako. Mvuvi wa dago, mgeni aliyepiga kambi ufukweni na watu wake, hana haya ya kumwogopa mwenyekiti, na kamati haina boti ya kumfukuza. Sheha akiruhusu kambi bila ya kuishauri kamati, kazi ya miezi mitatu inakwisha kwa siku mbili. Sheria ya uvuvi ya 2010 ipo, hifadhi ipo, lakini doria inayotegemea mafuta ya wilayani haifiki kwa wakati. Kwa hiyo mfano huu hausimami wenyewe. Unataka sheria ndogo iliyopitishwa na halmashauri, na unataka sheha ajue kwamba ruhusa ya dago haiko mikononi mwake peke yake. Vijiji vilivyoandika hilo mapema hutetereka kidogo kuliko vilivyotegemea maelewano ya mdomo.

Kinachobaki kijijini

Karafuu imetuachia barabara, vituo na hata kiwanda: makonyo, vile vikonyo vinavyokusanywa baada ya kuchambua karafuu, hupelekwa Wawi yakakamuliwa mafuta. Maana yake hata taka ya zao hilo ina soko. Mwani kwa miaka mingi umeondoka kisiwani kama ulivyotoka kwenye chanja, na thamani yote ikaongezwa ng'ambo. Sasa serikali imeunda kampuni yake ya mwani na kuweka kiwanda Chamanangwe, Wete, chini ya sera ya uchumi wa buluu. Naliunga mkono wazo hilo kwa moyo wote. Ila narudi kwenye somo la 2011: kiwanda cha umma kikija na bei ya umma iliyo chini, mwani utapata njia nyengine kama ilivyopata karafuu. Wakulima wapewe viti katika kupanga bei tangu mwanzo.

Barabara nazo zinataka neno. Chini ya mkataba wa maendeleo na Marekani wa 2008 hadi 2013, Kaskazini Pemba ilijengewa barabara za vijijini, mfano ile ya Bahanasa kwenda Mtambwe na ya Chwale kwenda Kojani. Zilibadilisha maisha: samaki anafika Wete kabla hajalegea, mjamzito anafika hospitali. Hakuna kamati ya shehia ingeweza kujenga vile hata ikichanga karne nzima. Mambo ya aina hiyo, barabara na umeme kama ule uliovutwa chini ya bahari kutoka Tanga mwaka 2010, yanataka serikali kuu, na kamati inayopoteza nafasi yake kwenye mpango kwa kuyaomba inaomba mahali pasipo na uwezo wa kutoa. Yapelekwe kwa mwakilishi na mbunge, ambao wana mfuko wa jimbo na sauti katika bajeti kubwa. Mpango wa shehia ubaki na yale ambayo shehia inaweza kuyashika.

Basi ipi kwa nani?

Shehia ya bara, ya mashamba, watu wana eka zao: karafuu bado ndiyo nguzo, na kubuni njia nyengine kabisa ni kujitesa. Kazi ya kamati hapo ni kudai yale ambayo mnunuzi mmoja anaweza kuyatoa kwa urahisi: miche kwa wakati, mikopo ya uchumaji kabla ya Julai, na mizani inayokaguliwa. Msiombe mabadiliko ya bei kupitia halmashauri, haina uwezo huo.

Shehia ya pwani ya mashariki, kina mama wengi wako kwenye mwani: msiwaache peke yao na mnunuzi. Waungane wauze kwa pamoja, wawe na mzani wao bandani hata kama ni mmoja kwa vikundi vitatu, na waombe halmashauri boti moja ya kina kirefu pamoja na mafunzo ya kuogelea. Ombi hilo ni dogo kuliko banda la skuli na linarudisha pesa.

Shehia yenye mwamba na wavuvi wa kutosha walio tayari kukaa pamoja: anzeni na pweza, hata kwa eneo dogo. Nasema hivi kwa sababu kinachojengwa pale si pweza tu. Watu wanajifunza kuandika sheria ndogo, kusoma hesabu hadharani, kumwajibisha jamaa, na kukaa na sheha na diwani meza moja. Kamati iliyozoea hayo, siku kiwanda kikija au mwekezaji akija kutaka fukwe, haitaburuzwa. Lakini kama kijiji kimegawika vibaya kwa siasa, au sheha na mwenyekiti wa wavuvi hawasemezani, msifunge mwamba kwanza. Mwamba uliofungwa ukavunjwa ni vigumu kuufunga tena, kwa kuwa watu huwa hawaamini.

Na ziko shehia zenye vyote viwili, bonde la mikarafuu nyuma na pwani mbele, kama zile za upande wa Mtambwe. Hizo zina bahati, na hizo ndizo ningependa zitumie pesa ya msimu wa karafuu kununua boti ya doria ya mwamba. Mchango wa kila kaya kwa polo moja lililouzwa, ukikubaliwa kikao cha wazi na ukasomwa kama zinavyosomwa hesabu za pweza, unatosha kuanzia.

Mwaka wa fedha unaanza tarehe 1 Julai, na mjadala wa bajeti katika Baraza la Wawakilishi huwa umekwisha kabla yake. Maombi ya shehia yawe kwa diwani mwanzoni mwa mwaka, wakati maofisa mipango wa halmashauri bado wanakusanya. Katika kila ombi muandike majina matatu: anayepanga bei, anayeshika pesa, na anayejibu. Jina lolote mkilikosa, ombi hilo bado halijawa tayari kupelekwa.